Usisahau Ubaharia: Nyumba ya Mwitongo na Deni la Tanga

Kila ikaribiapo tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1999, husikika miongoni mwetu watu wakisema kwamba ingefaa safari ifanywe kwenda Butiama, kuiona nyumba na kulizuru kaburi. Maneno hayo ni mema, nasi twayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini safari njema yataka matayarisho, na matayarisho tuyasemayo hapa si ya nauli na chakula tu, bali ni ya fikira. Mtu aendaye pasipo kujua anachokwenda kukitafuta hurudi na picha mfukoni, na kichwani hamna kitu. Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na wanachama na wafanyakazi wa Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe na Mkinga juu ya nyumba ile: yafundisha nini, na yatudai nini sisi watu wa pwani hii ya kaskazini.

Butiama ni kijiji kilichoko mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Viktoria, si mbali na mji wa Musoma. Msafiri atokaye Tanga huiacha bahari nyuma yake, akapita Korogwe na Mombo chini ya milima ya Usambara, akafika Moshi na Arusha, na hapo bado safari haijafika nusu. Mwisho wa mwendo huo mrefu huikuta nchi ya mawe makubwa yaliyopandana, mashamba ya mihogo na mtama, na kilima kiitwacho Mwitongo. Jina hilo kwa lugha ya kwao lina maana ya mahame, yaani mahali palipokaliwa zamani na watu wakahama. Hapo ndipo penye makaburi ya wazee wake Mwalimu, Mtemi Burito Nyerere na Mama Mgaya wa Nyang'ombe, na hapo ndipo alipozikwa Mwalimu mwenyewe mwezi wa Oktoba mwaka 1999. Makumbusho yaliyoko hapo yalifunguliwa mwaka ule ule, yeye akiwa bado yu hai, miezi michache tu kabla hajapelekwa London kwa matibabu.

Ndani ya makumbusho mgeni huziona picha za siku za kupigania uhuru, mavazi, vitu vya matumizi ya kila siku, na zawadi alizopewa na watu wa nchi na viongozi wa mataifa. Watazamaji wengi husimama zaidi mbele ya zawadi, kwa kuwa zawadi hupendeza macho. Hatuwalaumu. Lakini twadhani kwamba anayetaka kuielewa nyumba ile hana budi kuanza mahali pengine, nako ni kazi ya mikono.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Wazee wa kwao husema kwamba mvua ilinyesha siku ile, na kwa sababu hiyo mtoto akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Baba yake alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake wengi, na Mama Mgaya alikuwa mmoja wao. Mtoto yule alichunga mifugo kama watoto wengine, wala hakuingia shule mpaka mwaka 1934, umri wake ukiwa miaka 12, alipopelekwa Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka nyumbani. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere, kisha akafundisha, na mwaka 1949 akaenda Uskochi kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 alikuwa na shahada ya juu ambayo katika Tanganyika ya siku zile ilikuwa kitu cha ajabu kwa Mwafrika kuwa nacho.

Sasa tazama alilofanya msomi huyu. Alikwenda kwao Butiama, akaanza kujenga nyumba ya kukaa yeye na mchumba wake, Bibi Maria Gabriel, ambaye alimwoa mwezi wa Januari mwaka 1953. Aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, akikanyaga udongo na kufyatua matofali. Watu wa kijiji walistaajabu. Katika nchi iliyofundishwa na wakoloni kwamba elimu ni ngazi ya kumtoa mtu katika jembe, mtoto wa mtemi aliyetoka Ulaya na shahada yake alikuwa ndani ya tope mpaka magotini. Twaamini kwamba somo la kwanza la Butiama ni hilo. Kabla hajawaambia watu wake kwamba uhuru ni kazi, alikuwa amekwisha kuonekana akiifanya kazi ambayo waliosoma waliikimbia.

Somo la pili ni gumu zaidi kuliona, kwa kuwa ni somo la vitu ambavyo havimo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kulipinga jeshi la kujenga taifa na masharti yake ya mshahara. Mwalimu aliwarudisha makwao, lakini siku ile ile alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Miezi mitatu na siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Sharti la uongozi katika Azimio hilo lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo mwenye kuzunguka Mwitongo na kuuliza, "Ziko wapi hati za majumba? Ziko wapi hisa?" anauliza swali zuri kuliko yule anayehesabu zawadi. Mwaka 1985, baada ya miaka zaidi ya 20 ya kuongoza nchi, mtu huyu aliuacha urais kwa hiari yake, akarudi kijijini kwake kulima. Viongozi wengi wa bara hili katika miaka ile waliondoka kwa bunduki au kwa jeneza.

Baada ya kusema hayo, sharti tuseme na neno la tatu, kwa kuwa mfanyakazi wa Tanga akiambiwa sifa tupu atajua kwamba anadanganywa. Sisi watu wa mkonge tuna hesabu yetu na historia ya nchi hii. Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Miche iliyosalimika katika safari ile ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na katika miche hiyo ikatoka mali iliyoilisha nchi nzima. Katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hapakuwa na nchi duniani iliyoishinda. Mwaka 1967 mashamba mengi yakachukuliwa na taifa. Tangu hapo, kwa sababu ya kushuka kwa bei duniani, kwa ushindani wa kamba za plastiki zilizotengenezwa kwa mafuta, na kwa uendeshaji mbaya wa mashirika, mkonge ulirudi nyuma mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa karibu tani 20,000 tu. Nani katika mkoa huu hajaona kinu kilichonyamaza, reli ndogo za shamba zilizong'olewa, na kambi ambazo zamani zilijaa watoto zikiota magugu?

Mwalimu mwenyewe hakulificha jambo hili. Katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1999, mwaka wa mwisho wa maisha yake, alisema waziwazi kwamba kama angaliweza kurudi nyuma asingaliyataifisha mashamba ya mkonge, na kwamba hakuwa ametambua ni vigumu kiasi gani kwa dola kuendesha kilimo. Hakuseme hivyo kwa kulazimishwa na mtu, wala hakuwatupia lawama mameneja na makarani. Alilisema kosa kuwa ni lake. Twaomba kila kiongozi wa msafara atokaye Tanga awasomee watu wake habari hii kabla hawajaingia mlangoni pa makumbusho, kwa sababu ni sehemu ya urithi wake kama vile ilivyo fimbo yake. Kiongozi asiyekosea hayupo, na anayesimuliwa kana kwamba hakukosea hawezi kumfundisha mtu yeyote, maana nani atamwiga malaika?

Hapo ndipo twafikia jambo lililotufanya tuandike. Wahenga wetu wa pwani walisema, "Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha." Nahodha wa jahazi letu tumemjengea nyumba, na ni haki. Mabaharia je?

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwezi wa Machi mwaka 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York akadai haki ya Tanganyika. Chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja tangu kuzaliwa kwake tarehe 7 Julai 1954, wala hakikuwa na hazina. Nauli ilitokana na michango ya wanachama: shilingi ya mchuuzi, thumni ya kuli, fedha ya mama muuza vitumbua. Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu wa Pugu na mshahara wake. Mtu asiye na mshahara hula kwa nani? Alikula kwa wanachama, akalala kwa wanachama, akasafiri kwa magari ya wanachama. Kwa hiyo nyumba ya Mwitongo, tukiitazama vema, ina matofali mengi yasiyoonekana, na baadhi ya matofali hayo yalifyatuliwa katika pwani hii.

Tanga haikungoja mwaka 1954 kuamka. Mwaka 1939 makuli wa bandari yetu waligoma kudai ujira wa haki, wakati ambao kugoma kulikuwa karibu sawa na uasi. Reli iliyoanzia hapa, iliyofika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, ilijengwa kwa mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Katika kambi za mkonge walikuja manamba kutoka Kigoma, Njombe na Songea, kutoka Msumbiji na Burundi. Waliletwa kwa mikataba, wakapewa kadi na namba, na kwa namba hizo wakapata jina lao. Mha na Mngoni, Mbena na Mmakonde, walilala safu moja, wakapika katika jiko moja, wakaoana, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wasomi huandika kwamba taifa letu lilijengwa kwa hotuba na kwa katiba. Hatukatai. Lakini lilijengwa pia kwenye foleni ya posho, ambako mtu alijifunza kwamba jirani yake wa kabila jingine ana njaa iliyo sawa na yake.

Na lugha hiyo nayo ilikuwa na fundi wake katika nchi hii. Katika Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hakuwa mtemi wala rais. Alikuwa karani: wa forodha kwanza, kisha wa idara ya wanyama, kisha wa ofisi za Serikali hapa Tanga. Jioni baada ya kazi aliandika, na katika maandishi yake, kama vile "Kusadikika" iliyotoka mwaka 1951, alizungumza juu ya haki na uongozi mbaya katika siku ambazo wengi waliogopa hata kunong'ona. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 1962, miezi michache baada ya bendera yetu kupandishwa, akazikwa huko huko Machui. Mtu akitaka kuzuru mahali alipozaliwa mkubwa wa taifa hana haja ya kusafiri siku mbili. Kutoka Tanga mjini aweza kwenda Machui asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Twauliza bila kumlenga mtu: ni wangapi kati yetu tuliokwisha kwenda? Ni walimu wangapi waliowachukua wanafunzi wao wakasimama mbele ya kaburi lile?

Najua, atasema mmoja, kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba. Barabara ya kwetu ina mashimo, zahanati haina dawa za kutosha, maji hutoka siku moja na kukatika mbili. Kwa nini tuzungumze habari za nyumba za wafu? Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Fedha za dawa zisigeuzwe kuwa fedha za sanamu. Lakini tumjibu ndugu huyu kwamba mtu asiyejua alivyopata alicho nacho hawezi kukilinda. Mfanyakazi anayedhani kwamba likizo yake, kiinua mgongo chake na haki yake ya kuwa na chama vilishuka kutoka mbinguni, siku vitakapoondolewa atadhani pia kwamba mbingu imevitwaa. Anayejua kwamba watu waligoma, wakafukuzwa, wakafungwa ndipo vikapatikana, huyo atauliza ni nani anayeviondoa na kwa amri gani. Kumbukumbu ni silaha ya mnyonge.

Tena, sehemu kubwa ya kazi hii haitaki fedha. Yataka daftari, kalamu na mtu mwenye subira. Wako bado wazee waliokata mkonge, waliopakia meli kwa mashua pale bandarini, waliobeba kadi za TANU kwa siri ndani ya vikoi vyao. Kila mwaka wanapungua, na kila mmoja akizikwa inazikwa naye habari ambayo hakuna maktaba iliyo nayo. Basi twapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila tawi liwachague vijana wawili wenye mwandiko mzuri, waende kwa wazee wa mtaa wao na kuandika: ulitoka wapi, ulifanya kazi gani, ulilipwa nini, ulijiunga na chama lini na kwa nini. La pili, kila mwenye kadi ya zamani, picha, barua ya kazi au kipande cha manamba asiitupe wala asiiuze kwa watalii, bali aipeleke ikatunzwe. Hapa Tanga mjini yako makumbusho ya Urithi katika boma la zamani la Wajerumani. Jumba lililojengwa kwa ajili ya kututawala haliwezi kupata kazi njema kuliko kuhifadhi habari zetu wenyewe. La tatu, vyama vya wafanyakazi vizungumze na wenye mashamba ya mkonge ili katika kambi zilizohamwa ibakizwe walau safu moja ya nyumba, pamoja na kinu kimoja cha zamani, watoto waone babu zao walilala wapi. Mahame ya Mwitongo yametunzwa kwa sababu mtoto wa pale alikuja kuwa mkuu. Mahame ya Tanga yatunzwe kwa sababu waliokaa humo walimfanya awe mkuu. La nne, kila msafara wa Butiama utanguliwe na safari ya Machui, na kila msafara urudi na taarifa iliyoandikwa, isomwe mbele ya mkutano wa tawi.

Na kwa wale watakaokwenda Butiama mwaka huu, twawapa maswali matatu ya kuchukua badala ya matatu elfu. Mtu huyu alikuwa na nini alipoingia madarakani, na alitoka na nini? Alipokosea, alisemaje? Na ni nani waliomlisha alipokuwa hana mshahara? Maswali hayo yaulizwe mbele ya picha zake kwa heshima, kwa sauti ya kawaida, bila woga. Kisha yarudishwe nyumbani na kuulizwa tena, safari hii mbele ya viongozi walio hai, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi mkubwa wa mkoa, nasi wahariri tukiwamo. Yule atakayeudhika kwa kuulizwa hivyo atakuwa amejijibu.

Heshima ya kweli kwa nahodha si kulala kifudifudi mbele ya usukani wake. Ni mabaharia kujua njia, kujua miamba iko wapi, na kukataa kumpa usukani mtu ambaye hajapata kuvuta kamba.